Begi la kukodi Moshi: mkanda ulikatika Gede, adabu ilikatika kaunta

Nilijiahidi nisiandike hadi hasira ipoe. Imegoma kupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi na mume wangu tulitaka kwenda pwani ya Kenya kwa mtindo wa wale wageni tunaopishana nao mjini kila siku: begi mgongoni, nauli mfukoni, mengine mbele ya safari. Kutoka Moshi, kuvuka Holili, Taveta, Voi, Mombasa, halafu magofu ya Gede na kumalizia Watamu. Mama mkwe alituambia twende Kiboriloni tukachambue mabegi ya mtumba. Tungemsikia! Sisi tukajifanya wajanja. Mji mzima huu unakodisha vifaa vya mlima, tukasema, begi lililofika kilele cha Uhuru litashindwa nini na basi la Mombasa?

Duka sitalitaja, na sababu nitaisema huko mbele. Elfu tano kwa siku kila begi, na dhamana elfu hamsini. Hela nilitoa mimi. Nilizihesabu noti juu ya kaunta, moja moja, na muda wote huo mwenye duka anaongea na mume wangu. "Mkuu, hili la kijani limepanda mlima mara ishirini, halina tatizo. Shemeji tutampa hilo dogo." Shemeji nimesimama hapo hapo, mkono bado uko kwenye noti. Nikamwonyesha mkanda wa kushoto wa lile la kijani, kwamba pale mshono unapoanzia begani pamekaa vibaya. Hakuutazama. Alimkonyeza mume wangu akasema, "Wanawake kwa kukagua!" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko hicho ndicho kinachoniuma kuliko hela.

Haki yake nimpe: begi lilikaa vizuri. Uzito unashukia kiunoni, mabega yanapumua. Mpaka Mombasa mume wangu alikuwa analisifia kama kalishona mwenyewe.

Gede unashuka kwenye matatu barabara ya Malindi, unatembea kidogo, kelele za magari zinakatika na unajikuta msituni. Miti imekalia kuta za mawe ya matumbawe, mizizi imeteremka ukutani kama uji uliomwagika ukagandia hapo. Na ulikuwa mji wa watu kabisa: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, nyumba zenye vyoo ndani. Kwenye karne ya 17 wakaondoka. Kijana aliyetutembeza, ambaye alikuwa anajivunia UNESCO kuyaingiza magofu yao kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024 kama vile barua alipelekewa yeye, alituinamisha juu ya kisima akasema, "Wengine wanasema vita. Mimi nasema maji yaliwakimbia." Nilimpenda kwa hiyo "mimi nasema".

Basi tukafika kwenye lile kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na kijana anaeleza jinsi tarehe hiyo ilivyowasaidia wachimbaji kuupanga umri wa mji. Mume wangu akageuka alitazame vizuri. Pa! Mkanda ukaachia. Begi likamvutia upande mmoja, akadaka mti, simu ikaruka kwenye majani. Kaburi la chokaa na matumbawe limekaa pale zaidi ya miaka 600 na mvua zake zote. Mshono wa mara ishirini mlimani ulikaa siku mbili.

Haikuishia hapo. Tulipolilaza chini, zipu ya juu nayo ikafunguka katikati, ile ya meno kuachana huku kichwa chake kimefunga mwisho kabisa. Kima wa Gede wamezoea watu. Mmoja akashuka mtini bila haraka, akaja kama mwenye nyumba anayekuja kudai kodi, akaingiza mkono kwenye ule ufa na kutoka na mfuko wa mahamri yetu ya Mombasa. Akaupasua. Akachagua moja, akaliangalia huku na huku, akala anatutazama. Yule kijana alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa na kilio kooni, kikatoka kimekuwa kicheko.

Pale njia panda tulimkuta fundi viatu chini ya mwarobaini. Mzee mpole. Akaugeuza mkanda, akaukwaruza kwa ukucha, akaniita, "Mwanangu, njoo uone." Ndani ya mshono palikuwa na uzi wa zamani wa kijani, juu yake uzi wa kijivu, na katikati gundi iliyokauka kama makamasi ya mtoto. "Huu ulishakatika zamani," akasema. "Mtu kaubandika." Akavuta uzi mweusi mnene, akaupaka nta, akashona mara mbili na kurudi. Shilingi mia mbili za Kenya. Zipu akasema haiwezi, ila akanipa pini mbili kubwa na hela yake akakataa.

Watamu sitaieleza, itaniharibia hasira. Niseme tu maji yalikupwa, tukatembea mbali mchangani na madafu mkononi, na kwa siku tatu sikulikumbuka lile duka hata mara moja.

Turudi kaunta. Mwenye duka aliwasha tochi ya simu akalikagua begi kama daktari wa meno. Siku ya kukodi hakuwa na macho, siku ya kurudisha anayo manne. Alipoona uzi mweusi akasema, "Nani kawaruhusu kushona? Uzi wa viatu kwenye begi la mlima?" Nikamweleza habari ya gundi, kwa utulivu kabisa, nikamwita kaka yangu. Akamgeukia mume wangu, na u-Mkuu ulishaisha, sasa ni "wewe bwana": "Nyie wa hapa hapa hivi vitu hamvijui. Mzungu analirudisha kama alivyolichukua."

Sisi wa hapa hapa! Mume wangu amesomeshwa na baba aliyebeba mizigo ya wageni kwenye mlima huo huo miaka na miaka, kwa mabegi mabovu kuliko hilo, na hakuwahi kurudisha kitu kimechanika. Nilitetemeka. Nilikuwa na maneno mengi, yakaja yote kwa wakati mmoja yakaziba mlango. Wakati huo huo wageni wawili wakaingia, na sauti yake ikageuka asali, Kiingereza laini, viti vikavutwa. Akatusukumizia elfu ishirini bila kututazama. Thelathini akabaki nazo.

Nikaondoka nikiwa na jina la duka, mtaa na rangi ya mlango tayari kichwani, nije niyamwage yote hapa. Nyota moja, na hiyo moja kwa sababu hakuna sifuri.

Sasa ndipo yule kijana anayefua mabegi uani akatufuata hadi barabarani, mikono bado ina povu. Akasema chini chini, "Dada, pole. Gundi niliweka mimi. Nilimwambia haitashika, akasema weka tu." Akaangalia nyuma. "Zipu nilimwambia pia." Hakuwa na cha kutupa, alikuja kusema tu. Nikilitaja duka, atakayeulizwa nani kaongea na wateja ni yeye. Ndiyo maana sijalitaja.

Kwa hiyo sijui nitoe nyota ngapi. Begi lenyewe, ukiniuliza kama begi, tatu. Kijana wa uani, tano. Kaunta, nilishasema.

Juzi nimepita hapo nikitoka sokoni na ndizi zangu. Limetundikwa nje, la kijani, uzi mweusi unaonekana toka ng'ambo ya barabara. Uzi uliotugharimu elfu thelathini hajautoa. Mwenyewe hakuwepo mlangoni, nikaweka ndizi chini, nikaushika mkanda wa kushoto kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu za mtu anayedai. Haukutikisika.

Basi ukipewa hilo, chukua. Bega la kushoto limeshonwa Gede, halitoki. Zipu bado ile ile, nenda na pini zako.