Kiwanja cha Kukodi Kando ya Kambi ya Jeshi

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikikodi kiwanja cha mpira kwa ajili ya timu ya watoto ninayoifundisha, katika mji mmoja wa kambi kaskazini mwa Kampala. Zamani kilikuwa uwanja wa gwaride. Gwaride lilipohamishiwa upande wa pili wa kambi, wakazi waliruhusiwa kukitumia kwa michezo, harusi na soko la mboga la kila Jumatano, huku makuruta wakiendelea na mazoezi jirani na, siku nyingine, juu ya nyasi hizo hizo.

Kiwanja chenyewe ni kizuri. Udongo ulioshindiliwa na buti kwa miaka mingi hautuami maji hata katika mvua za Aprili, na ada ya shilingi 40,000 kwa saa mbili inajumuisha choo na maji ya bomba. Kivuli ni kidogo.

Lakini anayekodi hapa hulipia hasa ratiba. Langoni pana ubao ulioandikwa kwa chaki siku za jeshi na siku za raia, na kilimani pana mlingoti: bendera nyekundu ikipanda, uwanja wa shabaha unatumika na hakuna raia anayeruhusiwa kuvuka mtaro. Utaratibu wa namna hii upo pia Salisbury Plain nchini Uingereza, ambako jeshi lina takriban hekta 38,000 na wakulima wanalisha ng'ombe humo humo. Hata hivyo wenyeji wa kijiji cha Imber, waliohamishwa mwaka 1943 ili kupisha mazoezi, hawakurudishwa tena kuishi kwao. Nautaja mfano huo kwa sababu unaonyesha jinsi raia anavyokuwa mnyonge pale ambapo neno la mwisho ni la upande mmoja.

Jumamosi moja ya Juni nilifika na watoto 26 waliotembea kilomita nne. Ubao ulisema siku ya raia, lakini bendera ilikuwa juu. "Mwalimu, pole sana, ratiba imebadilishwa jana usiku," mlinzi aliniambia. Hakuna aliyenipigia simu, ingawa namba yangu imo katika daftari lao, na badala ya kurudishiwa fedha nilipewa tarehe nyingine. Mazoezi yenyewe siyalalamikii. Jeshi ambalo limekuwa likipeleka askari Somalia tangu 2007 lazima liwe na mahali pa kuwafundisha. Ninacholalamikia ni simu moja ambayo haikupigwa.

Jambo moja limenifanya niendelee kukodi. Mwezi uliopita mtoto wa miaka tisa aliokota ganda la risasi kando ya goli, la shaba, limejaa udongo. Mtunzaji wa kiwanja, askari mstaafu, alisimamisha mechi, akawakalisha watoto chini na kuwaeleza taratibu kwamba kitu cha chuma kisichojulikana hakiguswi wala hakipigwi teke: unasimama, unarudi ulikotoka, unamwita mtu mzima. Kisha akazunguka ukingo wote wa kiwanja na fimbo yake, hatua kwa hatua, kabla ya kuturuhusu tuendelee. Uganda ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 2012 tu, na sijawahi kuona somo hilo likitolewa kwa uangalifu kiasi hicho.

Kilichobaki ni karatasi. Kwa Katiba ya 1995 ardhi ya serikali husimamiwa na Tume ya Ardhi ya Uganda, lakini sisi watumiaji tunategemea ruhusa ya mdomo, na ndiyo maana wauza mboga bado wako chini ya maturubai: hakuna anayethubutu kujenga kibanda cha mbao mahali anapoweza kuambiwa aondoke kesho. Mkataba wa maandishi, hata wa miaka mitatu, wenye siku za jeshi na siku zetu, ungewatosha.

Anayetaka kukodi afike langoni Ijumaa jioni asome ubao, na asubuhi yake autazame mlingoti kabla ya kuwatoa watoto nyumbani.