Uzoefu wangu na fremu, skrini na projekta ya simuleta ya gofu nyumbani

Simuleta ya gofu ni seti ya kuchezea ndani: unapiga mpira halisi kwenye skrini, kifaa kinaupima, na projekta inaonyesha uwanja. Kwa kifupi: skrini ni nzuri sana, fremu ni nzuri ukiiongezea vitu viwili vitatu, na projekta haina tatizo lolote mradi hesabu zake zimepigwa kabla ya kununua. Hesabu ndizo nitakazozieleza kwa kirefu, kwa sababu humo ndimo watu wanamopotezea fedha.

Seti ninayoizungumzia ina fremu ya mabomba ya chuma ya inchi moja, upana mita 3.3, kimo mita 2.9, kina mita 1.5, iliyofunikwa kitambaa cheusi juu na pembeni. Skrini ni ya poliesta ya tabaka tatu, eneo jeupe ni mita 3.2 kwa 2.4, na juu yake kuna pindo jeusi linaloziba nafasi iliyobaki. Projekta ni ya leza, lumeni 4,000 (kipimo cha mwanga inaoutoa), pikseli 1920 kwa 1080, lenzi ya masafa mafupi isiyo na zumu. Kifaa cha kupima mpira ni cha kamera, kinakaa sakafuni kando ya mpira. Dari ni ya mita 3.

Wanunuzi wengi huanza na fremu, wanafuatia projekta, na mwisho ndipo wanajiuliza mpira utakaa wapi. Nashauri ufanye kinyume. Weka alama ya mpira sakafuni kwanza. Skrini isikaribie ukuta: iachie sentimita 30 hadi 40 nyuma, la sivyo mpira wa draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, utaisukuma hadi igonge ukuta na kurudi kwa nguvu. Kutoka skrini hadi mpira acha mita 3. Ukipunguza, mpira unaodunda unakufikia miguuni ungali na kasi. Ukiongeza sana, fremu inaanza kushindwa kudaka mipira ya kombo. Hapa kwangu mpira uko mita 1.5 kutoka mdomo wa fremu, na nusu ya upana ni mita 1.65, kwa hiyo hata mpira uliochepuka digrii 45 bado unaingia ndani. Ukirudisha mpira hadi mita 4 kutoka skrini, kinga hiyo inashuka hadi digrii 33 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa, hasa kwa anayejifunza, kwa sababu mpira uliopigwa na shingo ya fimbo hutoka pembeni kabisa.

Nyuma ya mpira acha walau mita 2 za kurudisha fimbo kwa uhuru. Anayetumia kipimo cha rada kinachokaa nyuma ya mchezaji apime upya, maana rada inahitaji kama mita 2 na zaidi nyuma ya mpira, na pia nafasi ya kutosha mbele ili iuone mpira ukiruka. Kwa chumba kifupi cha mita 5 na kitu, kamera ndiyo chaguo la busara. Upande wa upana, ikiwa wanaopiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto watatumia alama moja ya katikati, chumba kiwe na mita 4.5 hivi.

Sasa projekta. Kila projekta ina uwiano wa umbali: umbali kutoka lenzi hadi skrini ukigawanywa kwa upana wa picha. Ukisoma 0.69 kwenye kijitabu na skrini yako ina upana wa mita 3.2, unazidisha, unapata mita 2.2, unafurahi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa picha ya 16:9 (upana kwa kimo) peke yake. Skrini ya 3.2 kwa 2.4 ni ya 4:3. Ili projekta ya 16:9 ijaze kimo cha mita 2.4, picha yake kamili lazima iwe na upana wa mita 4.27, ambapo sehemu za kushoto na kulia hazitumiki. Kwa hiyo zidisha 0.69 kwa 4.27, si kwa 3.2. Jibu ni mita 2.94, yaani projekta inaning'inia karibu juu kabisa ya mpira. Ndiyo maana nilichagua lenzi ya 0.5: inakaa mita 2.13 kutoka skrini, karibu sentimita 87 mbele ya mpira. Mchezaji anabaki nyuma ya mwanga na kivuli chake hakionekani kabisa. Projekta ya kawaida ya 1.2 ingetaka zaidi ya mita 5, na hapo ungepiga ukitazama kivuli chako mwenyewe.

Mwanga nao unapungua kwa mtindo huohuo. Ukitumia pikseli 1440 kati ya 1920, unabaki na robo tatu ya lumeni. Robo tatu ya 4,000 ni 3,000. Gawanya kwa mita za mraba 7.68 za skrini, unapata takriban laksi 390, yaani lumeni 390 kwa kila mita ya mraba. Katika chumba chenye mapazia mazito picha ni angavu, nyasi ni kijani kweli. Fungua pazia moja mchana, rangi zinafifia mara moja. Kwa chumba ambacho hakiwezi kutiwa giza singenunua chini ya lumeni 5,000. Projekta ya 1920 kwa 1200 ingefaa zaidi kwa skrini ya aina hii, kwa kuwa ingetumia asilimia 83 ya pikseli zake. Kwa ukali wa picha, pikseli moja hapa ina upana wa milimita 2.2. Maandishi madogo ya takwimu yanaonyesha ngazi ukiyasogelea, lakini ukiwa umesimama kwenye mpira yanasomeka bila shida.

Kuna kosa jingine ambalo sijaona likitajwa kwenye maelekezo ya watengenezaji. Projekta za aina hii hutupa picha chini ya lenzi zikining'inizwa kichwa chini. Yangu inaishusha kwa asilimia 15 ya kimo cha picha, yaani sentimita 36. Picha inaanzia sentimita 5 juu ya sakafu na kuishia mita 2.45, hivyo lenzi inatakiwa kuwa mita 2.81 juu. Chora mstari kutoka lenzi hadi ukingo wa juu wa picha: unapopita mdomo wa fremu, mita 1.5 kutoka skrini, mwanga uko kwenye kimo cha mita 2.70. Fremu ya mita 2.5 ingeukata mwanga huo kwa kitambaa chake cha juu, na sehemu ya juu ya picha ingepotea. Ndiyo sababu ya kuchukua fremu ya mita 2.9 japo skrini ni ya 2.4. Kama dari yako haikuruhusu, tafuta projekta yenye lenzi inayosogezwa juu na chini, uitundike chini ya usawa wa bomba la mbele. Usitegemee kunyoosha umbo la picha kwa menyu. Kila unaponyoosha hivyo unatupa pikseli na mwanga, na mistari ya gridi inapata ukungu.

Kwa kuwa lenzi haina zumu, kila sentimita moja ya kusogeza projekta inabadilisha upana wa picha kamili kwa sentimita 2. Usitoboe dari kwa kuamini karatasi. Iweke projekta juu ya ubao uliolazwa kwenye ngazi mbili, iwashe, isogeze hadi picha ikae, ndipo udondoshe timazi kutoka dari na kuweka alama. Chukua kishikio chenye reli ya kuteleza, walau sentimita 10 za nafasi. Kishikio kiingie kwenye boriti au zege, kamwe si kwenye jipsam tupu.

Watu huuliza kama fimbo itaigonga projekta. Fimbo inapopanda haiko juu ya mpira. Inaelekea upande wa mchezaji, juu ya bega lake. Projekta iliyo katikati na mbele ya mpira iko mbali na njia hiyo. Hata hivyo mchezaji mrefu kuliko wote nyumbani azungushe draiva polepole hadi mwisho, mtu mwingine akitazama kutoka pembeni, kabla ya boliti kukazwa. Apime vilevile kichwa cha fimbo dhidi ya bomba la juu la mbele.

Fremu yenyewe si ngumu kuijenga. Watu wawili wanatosha. Jumla ni mita 27.5 za bomba: vipande vitatu vya mita 3.3, vinne vya 2.9, vinne vya 1.5. Bomba la chini mbele halipo, makusudi, ili mtu asijikwae. Kwa hiyo kona sita zina viungo vya njia tatu na kona mbili za chini mbele zina viungo vya njia mbili. Usichanganye, kwa sababu ukigundua baadaye unabomoa upande mzima. Kila bomba la mita 3.3 linakuja likiwa vipande viwili vinavyoungwa kwa kiungio. Kiungio cha juu mbele kikiwekwa katikati kabisa, bomba linalegea na kufanya tumbo. Kipande kirefu kimoja na kifupi kimoja vinashikilia vizuri zaidi. Kabla ya kukaza skrubu, pima ulalo wa uso wa nyuma pande zote mbili. Namba zote mbili ziwe mita 4.39. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, skrini itakunjamana upande mmoja na hutaipata sababu kwa kuvuta kamba.

Kasoro ya fremu hii ni skrubu moja tu kila upande wa kiungo. Mtikisiko wa mipira unazilegeza. Zikaze upya baada ya kipindi cha kwanza cha kupiga, kisha baada ya wiki moja. Tone la gundi ya kuzuia skrubu zisilegee linasaidia. Kasoro ya pili, na hii ni ya usalama, ni sponji ya kufunika mabomba ya mbele: sentimita 2 hazitoshi. Mpira wa gofu una uzito wa gramu 46 hivi, na ukigonga chuma kwa kasi ya draiva unarudi usoni kabla hujaufikiria. Niliweka sponji ya sentimita 5 juu na pembeni, pamoja na pembe zote za kona. Naihesabu kama sehemu ya bei ya seti, si nyongeza ya hiari.

Skrini ina macho ya chuma (matundu yenye pete) kila sentimita 25 na inafungwa kwa kamba za mpira zenye gololi. Anza juu, katikati, ukielekea kona zote mbili kwa zamu. Fuata pembeni. Chini funga mwisho, na uache ilegee. Mvutano ndio siri yote: ukikaza kama ngoma, mpira unarudi; ukilegeza mno, mikunjo inaonekana kwenye anga ya bluu. Jaribu kwa kurusha mpira kwa mkono, kisha kwa fimbo fupi ya weji, kisha fimbo ya chuma namba 7, ndipo draiva. Mpira mzuri unagonga, unashuka chini ya skrini, unabiringika mita moja hivi na kusimama. Ukirudi hadi kwenye mkeka wa kupigia, legeza kamba za pembeni kwanza, si za juu. Mikunjo ya kusafirishwa hujinyoosha yenyewe siku chache baada ya kutundikwa. Pasi usiikaribishe, poliesta inayeyuka.

Nyuma ya skrini ning'iniza kitambaa cheusi kizito, sentimita 15 bila kugusa. Kinazuia mwanga wa ukutani kupenya, na mpira ukichana skrini siku moja, hauendi moja kwa moja ukutani. Kitambaa kisichogusa pia kinaacha skrini irudi nyuma inavyotakiwa. Sakafuni kati ya mpira na skrini tandika zulia lenye manyoya mafupi, na usawa wake ulingane na mkeka wa kupigia. Mkeka mwembamba juu ya zege unaumiza viwiko na vifundo vya mikono. Chini yake iwepo sponji ngumu au mbao.

Kebo ya HDMI kutoka kompyuta hadi projekta ni mita 10. Kwa urefu huo kebo ya shaba ya kawaida inaweza kuzima picha ovyo ovyo, hasa kwa picha ya 4K (yenye pikseli nyingi zaidi), hivyo nunua ya nyuzi za mwanga. Ina mwelekeo: ncha moja imeandikwa ya chanzo, yaani kompyuta, nyingine ya kifaa cha kuonyesha, yaani projekta. Ukiipitisha darini kinyume hakuna picha kabisa, na utailaumu projekta bure. Kwenye kompyuta weka 1440 kwa 1080, na kwenye projekta zima chaguo la kutanua picha, vinginevyo mashimo yote ya uwanja yataonekana mapana kupita kiasi.

Taa moja ielekee kwenye mpira kutoka juu nyuma ya mchezaji, isiyofika kwenye skrini. Jua likipiga kamera ya kupimia, usomaji unaruka.

Kwa matunzo, adui mkubwa wa skrini ni mpira uliokwaruzwa. Weji mpya yenye mifereji mikali inachuna ganda la mpira, na ganda hilo linasaga nyuzi za skrini pale pale kila siku. Toa mipira yenye makovu, futa yenye tope, na usitumie yenye alama za wino wa kalamu, kwa sababu wino unahamia kwenye eneo jeupe na hautoki. Watengenezaji wa projekta za leza hutaja saa 20,000 kabla mwanga haujashuka hadi nusu, lakini vumbi la zulia huziba kichujio mapema zaidi. Kisafishe kila mwezi. Na kama macho ya skrini yako yamepangwa sawa juu na chini, igeuze kichwa chini pale sehemu inayopigwa sana inapoanza kuota vinyweleo, ili mipira ipate sehemu ambayo haijachakaa.