Miezi 26 na Porsche 911 Nairobi: pesa zangu zilikwenda wapi

Nianze na jibu ili mwenye haraka aende zake: gari lenyewe nalipatia nyota tano. Kulimiliki hapa Nairobi, nyota mbili, na ya pili ni kwa ajili ya asubuhi za Jumapili tu.

Mimi si tajiri wa kuandikwa magazetini. Nauza vigae na masinki Industrial Area, naishi South C, na kwetu ni Kibokoni, Mombasa. Marehemu baba alikuwa mwehu wa Safari Rally. Kila Pasaka lazima angeturudishia kisa cha mwaka 1978, Vic Preston Jr alipomaliza wa pili na Porsche 911, Peugeot ya Jean-Pierre Nicolas ikiwa mbele yake. Alivyokuwa akisimulia, ungedhani yeye ndiye aliyeshika ramani. Ugonjwa wangu ulianzia hapo, nikiwa bado navaa kaptura.

Niliyonunua ni 911 Carrera S ya 2017, kutoka Uingereza. Wengi wameniuliza kwa nini si Japani tulikozoea. Sababu ni usukani. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, na Japani magari mengi ya fahari ya Ulaya yana usukani wa upande huo, ndio mbwembwe zao. Mwingereza anakaa kulia kama sisi. Tena gari lisiwe limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo zile 911 za zamani za bei ya huruma unazoziona mtandaoni, ziangalie tu kama picha.

Injini yake ni sisi (cc) 2,981. Hizo sisi 19 pungufu zina maana, kwa sababu gari la petroli likipita 3,000 ushuru wa bidhaa unaruka kutoka asilimia 25 hadi 35. Nilijiona mjanja sana. Kumbe gari likiwa bado baharini, Julai 2023 ikaingia na ushuru wa forodha ukapanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Ujanja wangu wote ukaishia hapo.

Kodi za gari hupandana kama chapati kwenye sahani. Ushuru wa forodha unakatwa kwanza. Ushuru wa bidhaa unakatwa juu ya thamani pamoja na ule wa kwanza. VAT ya asilimia 16 inakuja kukalia vyote. Ukipiga hesabu, kila shilingi mia ya thamani inalipiwa karibu shilingi 96, na bado ada ya reli na ile ya tamko la uagizaji. Na thamani yenyewe haitoki kwenye risiti yako. KRA, watoza kodi wetu, wana orodha yao ya bei, wanaipunguza kulingana na umri wa gari, basi. Mpaka lori linalishusha mlangoni kwangu, nilikuwa nimetoa milioni 18.4. Mama watoto aliangalia gari, akaniangalia mimi, akaingia ndani kuandaa chai. Hakusema neno siku mbili.

Sasa raha yake, maana nisipoieleza nitakuwa nalidhulumu gari.

Jumapili saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya swala. Ongata Rongai bado imelala, Kiserian wauza maziwa ndio wanafunga mitungi kwenye bodaboda. Ukipita Kiserian unapanda kidogo, halafu Corner Baridi bonde lote linafunguka mbele yako na barabara ya Magadi inaanza kushuka kona baada ya kona kuelekea Olepolos. Hapo ndipo utajua pesa zilifanya kazi gani. Usukani unakusimulia lami: hapa kuna changarawe, hapa pana umande, gurudumu la kushoto limekanyaga kiraka. Unakata kona na mgongo wa gari, kule injini iliko, unakaa chini kama mama aliyejibana kwenye mkeka. Sauti yake si ya kelele, ni ya koo. Mara mbuzi kumi na tano wanavuka, unasimama kabisa, mtoto wa Kimasai anakuangalia kwa utulivu mkubwa kuliko watu wa Westlands, mbuzi wanapita, unaanza tena.

Na kwa wanaouliza kama mwinuko wa Nairobi hupunguza nguvu za gari: ni kweli. Tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kiasi cha sehemu moja kwa kumi kila ukipanda mita elfu moja. Hii ina turbo mbili, hasara hiyo huisikii. Ukitafuta gari la mbio la kutumia huku, turbo kwanza, mengine baadaye.

Lakini raha hiyo ni saa moja na nusu, na wiki ina siku saba. Gari hili linafika 100 kwa sekunde nne na kidogo, na kiwandani wanasema linapita 300. Sheria yetu ni hadi 110 barabara kuu, 50 mjini, na 80 kwenye Expressway. Lina gia saba. Nilizozizoea Mombasa Road jioni ni mbili. Kuna siku natoka Sagana, nikapunguza mwendo kwa yale matuta madogo madogo yanayotetemesha meno, Probox iliyosheheni miraa ikanipita kama nimeegesha. Dereva alinipungia mkono. Nilimpungia pia, nifanyeje.

Matuta ndiyo yaliyonimaliza. Gari langu halikuwa na kile kifaa cha kunyanyua pua, na ni cha kuagizwa tangu kiwandani, kwa hivyo kabla hujatuma pesa ulizia hicho kabla hata ya rangi. Bila hicho, kila tuta unalipanda kwa mshazari, gurudumu moja moja, huku matatu ikikupigia honi nyuma. Tuta la langoni kwetu lilijengwa na mtu mwenye kinyongo. Siku ya kwanza bampa ililia krrrr, mlio wa sufuria inayoburutwa sakafuni, na nilihisi ni ngozi yangu. Askari wa lango akaja na wazo: mbao mbili za ujenzi. Anaziweka mbele ya tuta, napanda, namngojea azihamishe upande wa pili, nashuka. Kila asubuhi na kila jioni. "Mkubwa, mbao?" ndiyo ikawa salamu yetu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo baba hakulitaja: zile Porsche za Safari zilikuwa zimenyanyuliwa kabla hazijakanyaga vumbi letu. Walioziunda walijua.

Mama alikuja kwa treni, nikaenda kumpokea Syokimau nalo. Namfungulia boneti niweke kikapu chake cha samaki na achari, akauliza injini imeibwa na nani. Nikamwambia iko nyuma, buti ndilo liko mbele. "Mambo ya kinyume hayana mwisho mwema, mwanangu," akasema, akajiteremsha kitini huku ameshikilia buibui. Njiani alifurahi, sitasema uongo. Tatizo lilikuwa kushuka. Kiti kiko karibu na ardhi na goti lake la kulia lina maji. Wajukuu wawili walimvuta mikono, mimi nikisukuma, majirani wakitazama. Safari iliyofuata aliomba aletewe teksi.

Baada ya mvua za masika nililigonga shimo Southern Bypass usiku. Tairi la nyuma lilichanika ubavuni. Gari halina tairi la akiba. Wanakupa dawa ya kuziba na kipampu, na dawa haizibi ubavu. Nilikaa pale zaidi ya saa mbili nikingoja lori, kiza upande mmoja, msitu upande wa pili, vijana wawili wa bodaboda wakipiga picha kwa tochi ya simu. Walinilinda kwa kweli, nikawapa ya chai. Matairi ya nyuma ni 305/30 inchi 20, yenye alama ya N inayopendekezwa na kiwanda, na usibadilishe moja tu. Nairobi sikuyapata, yalitoka Dubai, wiki tano. Gereji niliyopeleka siitaji jina, ila siku niliyokwenda kuchukua gari nilikuta kiti kimesogezwa mbele na kilomita 31 zaidi kwenye dashibodi. Fundi akasema ilikuwa ni kujaribu. Kujaribu mpaka Kitengela?

Basi mahesabu. Nilitembea kilomita 8,200 kwa miezi 26. Bima kubwa, asilimia nne ya thamani, miaka miwili: milioni 1.396. Matairi na kunyoosha rimu 310,000. Sevisi 290,000. Bampa 145,000. Petroli kama 212,000. Kifuniko cha tangi kinataka oktani 98, super ya kawaida haifiki huko, kwa hivyo nilikuwa nikinunua ile ya bei ya juu. Niliuza kwa milioni 14.8, hasara ya 3.6. Hapo nashukuru ule ushuru uliopanda: wa kuagiza jipya analia, mwenye lililopo anauza vizuri. Jumla ni shilingi 5,953,000. Kila kilomita ilinigharimu shilingi 726. South C mpaka Westlands, kilomita kumi hivi, ni zaidi ya elfu saba kwenda tu, kabla ya kulipa Expressway.

Na kuna gharama ambayo haimo humo. Mwezi wa tatu wa gari, mkandarasi mmoja aliyekuwa na deni langu la laki tatu na nusu aliniona nikishuka. Tangu siku hiyo nikimpigia ananijibu kwa kicheko: "Ndugu yangu, wewe na gari lile kweli unanidai mimi?" Hakuwa peke yake. Wateja walianza kuomba punguzo wakiangalia nje ya duka. Harambee zikaniletea kadi yenye jina langu juu kabisa. Fundi wa mabomba aliyenitoza elfu mbili miaka yote akasema tano, bila haya. Ningejua, ningeliegesha mbali na duka tangu siku ya kwanza. Nilipoanza kwenda kazini na Toyota Fielder ya mke wangu, madeni mawili yalilipwa ndani ya mwezi. Nadhani ni sadfa. Nadhani.

Ikiwa bado unalitaka, basi liwe la pili nyumbani, uwe na maegesho yenye paa, na uweke kando milioni moja ya kila mwaka ambayo hutaililia. Ukilinunua ili uonekane, Nairobi watakuona, na watakuletea bili.

Aliyelinunua kwangu anakaa Runda, mtu mzima, alilizunguka mara tatu kimya kisha akauliza lina kile kifaa cha kunyanyua pua. Nikamwambia halina. Akatikisa kichwa, akalipa hata hivyo. Nilimwitia askari wa lango amtoe, naye akaja mbio na mbao zake. Alipomaliza akazirudisha palepale, zikaegemea kibanda. Mpaka juzi zilikuwa bado zipo. Nikamwuliza mbona hajaziwashia moto, na baridi hii ya Julai imepita.

"Mkubwa," akasema, "wewe nakujua."