Mkufunzi aliyetoka polisi au mwalimu wa judo: nani akufundishe kujihami?

Kwanza, vyeti. "Nimefundisha polisi" huweza kumaanisha miaka chuoni au semina ya siku moja tu. Muulize alifundisha nini, wapi, na nani anaweza kuthibitisha. Mkanda mweusi wa judo, mchezo wa kuangushana ulioanzishwa Japani na Kano Jigoro mwaka 1882, ni rahisi zaidi kuufuatilia: shirikisho lina kumbukumbu. Hapo judo inashinda.

Kwa uzoefu wa vurugu halisi, askari yuko mbele. Amesikia matusi, ameona kisu, anajua dalili za mtu anayekaribia kurusha ngumi. Ila kazi yake ilikuwa kukamata: ana pingu, redio na wenzake nyuma. Wewe unataka kuponyoka. Akikufundisha kumlaza mtu chini na kumfunga mikono, mwulize hiyo inakusaidiaje ukiwa peke yako.

Mazoezi ya kushindana na mtu anayekataa kweli kuangushwa? Judo, bila ubishi. Gharama hutegemea: kozi fupi huisha, klabu hudai ada kila mwezi.

Mwenye wikendi moja na hofu ya njiani usiku, aende kwa askari mstaafu anayeeleza pia sheria ya kujitetea. Mwenye mwaka mzima na magoti mazima, klabu.