WD-40 kwenye kitasa cha gari: inafungua, ila usiishie hapo

Nina Toyota IST, naishi Kigamboni, kwa hiyo gari linakula vumbi mchana na upepo wa chumvi usiku. Miaka yote nimefungua kwa rimoti. Siku betri yake ilipokufa, ufunguo wa chuma uliingia nusu ukagoma. Fundi akataka kung'oa kitasa kizima. Nikaona nianze na kopo la WD-40, dawa ya kupuliza ya kulainisha vyuma vilivyogoma.

Kwa kufungua, sina ubishi nayo. Chomeka ule mrija mwekundu kwenye tundu, puliza kidogo, kisha ingiza na kutoa ufunguo bila kuuzungusha kwa nguvu, maana ufunguo uliolika hukatikia humo humo. Unatoka na uchafu mweusi. Ufute, rudia mpaka utoke safi. Shika kitambaa chini ya tundu, dawa isichuruzike kwenye rangi. Kitasa changu kililainika siku hiyo hiyo.

Kiangazi hakijaisha, kitasa kikaanza tena kukwaruza. Sikushangaa sana: dawa hii ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Ni nyepesi, sehemu kubwa inaruka, na mafuta machache yanayobaki yananasa vumbi. Ndani ya kitasa mna vibati vyembamba na springi ndogo mno. Vumbi likigandia hapo, umerudi ulikotoka. Mafuta ya cherehani, ambayo kila jirani atakushauri, yana tatizo hilo hilo, tena zaidi.

Kilichonitulizia kitasa ni unga wa grafiti, kitu kile kile kilichomo kwenye risasi ya penseli. Acha kitasa kikauke kabisa kwanza, la sivyo unageuka tope. Kiasi kidogo tu kinatosha. Unachafua vidole vibaya, na shati jeupe usithubutu. Lakini mvua zimepita, vumbi limerudi, ufunguo bado unazunguka vizuri.

Loki ya ubavuni mwa mlango, ile kucha inayong'ata pete ya kwenye nguzo, ni habari nyingine. Mlango unaotaka kubamizwa ndipo ufunge, mara nyingi shida iko hapo. WD-40 inaosha vizuri grisi kuukuu; ukishafuta, paka grisi nyeupe ya lithiamu. Ukiijaribu kucha kwa bisibisi ikajifunga, vuta mkono wa mlango uifungue kabla ya kufunga mlango, usije ukaigonga kwenye pete. Na kama rimoti inalia lakini kitufe cha mlango hakipandi, shuku mota au waya zake. Hapo usimalize kopo bure.

Kwa kitasa cha ufunguo naipa WD-40 nyota tatu kati ya tano, grafiti nne na nusu. Hiyo nusu imeliwa na shati langu. Nunua kopo dogo. Langu halijaisha, na sasa linafanya kazi kwenye boliti za magurudumu zenye kutu.