Kupandisha IST, kushusha Altezza: nilicholipa Dar

Gereji nyingi za Dar zitakutajia bei hizi mbili bila kufikiri: kushusha gari, yaani kuweka bodi karibu zaidi na ardhi, elfu arobaini; kulipandisha karibu laki mbili. Ukiishia hapo utaamini kushusha ndiko rahisi. Mimi nimelipia vyote viwili. Toyota IST yangu imepanda, Toyota Altezza ambayo tunaimiliki na mdogo wangu imebaki chini, na nikijumlisha risiti mpaka leo, Altezza imekula karibu mara nane ya IST. Bei zote humu ni nilizolipa mimi baada ya kuvutana na wauzaji. Wewe unaweza kupata pungufu, au ukapigwa zaidi yangu.

Nianze na IST. Ni ile ya kwanza, toleo la NCP60, iliyoanza kutoka mwaka 2002. Ninakaa Goba ndani kabisa, na ukitoka kwenye lami kuna mchanga, halafu mtaro, halafu korongo ambalo kila masika linachagua njia yake upya. Nikiwa peke yangu gari linapita. Nikipakia familia na magunia ya mkaa, chini panakwangua. Shokapu zilikuwa nzima, springi nzima, kwa hiyo sikuona sababu ya kununua vipya. Nilichohitaji ni urefu tu, na urefu kwenye gari kama hili unaupata kwa spesa, kipande kigumu kinachoongezwa kwenye shokapu au springi.

Miguu ya mbele ya IST shokapu na springi zimefungwa pamoja, kwa hiyo spesa inakaa juu kabisa, kati ya shokapu na bodi. Ukiweka milimita 30, gari linapanda karibu milimita 30 hizo hizo. Si magari yote yako hivyo. Altezza, au Mark II GX110, mbele shokapu imeshika kwenye mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na bodi, tena si mwishoni mwa mkono bali katikati yake, hivyo spesa nyembamba inanyanyua gari zaidi ya unene wake. Fundi asiyejua hili atakuwekea spesa ya IST kwenye GX110 na gari litapanda kupita mlivyokubaliana. Nyuma ya IST springi imesimama peke yake mbali na shokapu, kwa hiyo kinachowekwa ni kipande cha nailoni au mpira mgumu kwenye kikalio cha springi.

Spesa za mbele nilikwenda kuzikerezesha Gerezani. Za dukani zipo, ila nyingi nilizoshika zilikuwa na matundu mapana kuliko bolti, na kitu kinachobeba uzito wa injini sikitaki kinacheza. Mkerezaji alikata kipande cha aluminiamu, akakifunga kwenye mashine, nyuzi nyeupe za chuma zikaanza kujikunja na kudondokea kwenye ndara zake. Akaniuliza bila kuinua macho, "Ngapi, kaka?" Nikamwambia thelathini. Akasema, "Afadhali. Wengi wanataka hamsini, halafu wanarudi sivijointi zinalia." Sivijointi ni viungo vya shafti zinazozungusha tairi za mbele. Kila baada ya kupitisha kisu alipima kwa vernia, na spesa ya pili alipoilaza juu ya ya kwanza, ukipitisha kucha kwenye ukingo husikii kitu. Elfu sitini kwa jozi. Kwa kazi ile sikuona sababu ya kuomba punguzo.

Za nyuma, za nailoni, elfu arobaini. Ufundi elfu hamsini. Alaimenti ya mashine, yaani kunyoosha tairi, elfu thelathini na tano, na hii usiiruke hata fundi akikuapia gari linakwenda moja kwa moja, kwa sababu ukinyanyua bodi, mikono ya usukani inabadilisha pembe na tairi zinaanza kuliwa upande mmoja kimyakimya. Jumla 185,000. Kabla ya kazi nilipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake: sentimita 37. Springi zilipokwisha kukaa sawa nikapima tena, 40 kasoro kidogo. Pima hapo, usipime kutoka ardhini. Ukipima ardhini, upepo wa tairi tu unaweza kukudanganya.

Gari limebadilika? Korongoni ndiyo, sana. Barabarani linaegama zaidi kwenye kona, na juu ya Daraja la Tanzanite upepo wa baharini unausikia mpaka kwenye usukani. Taa zilikuwa zinawapiga watu machoni hadi nilipozishusha, na hiyo ni kazi ya bisibisi, bure. Tangu hapo nimenunua stabilaiza linki mbili, vijiti vya ile nondo inayozuia gari kuegama, elfu hamsini, na mpira mmoja wa sivijointi uliochanika, elfu ishirini na tano pamoja na grisi na ufundi. Sina ushahidi kwamba ni spesa ndiyo iliyouchana, gari ni la miaka mingi. Ila shafti sasa inafanya kazi ikiwa imeinama zaidi, na mpira uliozeeka hauvumilii hilo. Naihesabia spesa. Inafika 260,000.

Kuna wanaoshauri kuongeza tairi badala ya spesa. Hesabu yake ni hii. IST inatumia tairi za saizi 185/65R15, kipenyo chake milimita 621 na nusu. Ukienda 195/65R15 unapata 634 na nusu. Tofauti ni milimita 13, lakini gari linapanda kwa nusu yake tu, yaani sita na nusu, maana nusu nyingine imekwenda juu ya rimu. Kwa tairi nne niliambiwa laki sita. Kama tairi zako zimekwisha na ulikuwa unanunua tu, sawa, ongeza. Kama ni kwa ajili ya urefu, umenunua unene wa penseli kwa laki sita, na spidomita inaanza kukudanganya kwa asilimia mbili.

Sasa Altezza. Hii tuliinunua ikiwa chini tayari. Aliyetuuzia alisema ina "springi za spoti", mdogo wangu akaridhika kabla hata hajafungua mlango. Siku tuliyoipeleka kwa fundi wa miguu, alipiga jeki mbele, tairi ikaning'inia, kisha akaingiza mkono nyuma ya tairi na kuizungusha springi kwa vidole viwili. Ikazunguka. Ilikuwa imelegea kabisa kwenye kikombe chake, na mwisho wake wa juu ulikuwa umekatwa kwa grainda, ukingo bado mkali. Springi nzima haifanyi hivyo. Hata gari likiwa juu ya jeki inatakiwa iwe imebanwa. Ukiikata inakuwa fupi kuliko nafasi yake, na siku gurudumu likining'inia kwenye shimo inaweza kurudi ikiwa imekaa vibaya.

Hiyo ndiyo kazi ya elfu arobaini: elfu kumi kila springi, grainda, dakika chache. Watu hawaambiwi kwamba springi iliyokatwa haibaki springi ile ile iliyofupishwa. Inakuwa ngumu zaidi. Ikiwa ina mizunguko sita inayofanya kazi ukaondoa mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia ishirini. Shokapu ya kawaida haikutengenezwa kutuliza ugumu huo, tena sasa inafanya kazi karibu na mwisho wa mwendo wake, inagonga stopa kila rasta ya Morogoro Road. Zetu zote nne zilikuwa zinavuja mafuta. Kuna wengine hata hawakati, wanaipasha springi moto kwa gesi mpaka inanyong'onyea. Hiyo ni mbaya zaidi, maana chuma kinapoteza ugumu wake mahali pale palipochomwa, na huwezi kujua kitakubeba mpaka lini.

Mimi nilitaka turudishe gari kwenye urefu wake na yaishe. Mdogo wangu akasema Altezza iliyosimama juu inafanana na teksi, tukabishana, tukakubaliana ishuke kwa ustaarabu: sentimita tatu, kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Zilikuja kwa oda, springi mpya nne, 650,000 pamoja na usafiri na ushuru. Koilova, yaani springi na shokapu zilizofungwa pamoja, za mtumba kutoka Japani tulizikuta kwa 1,400,000, zinapandishwa na kushushwa kwa kukaza nati. Zinavutia, lakini mbili zilikuwa na unyevunyevu wa mafuta kwenye shafti na muuzaji alikuwa na kitambaa mkononi muda wote, anafuta huku anaongea. Tukaondoka.

Shokapu mpya nne, 720,000. Ufundi 120,000, na ni halali, maana Altezza ina mikono juu na chini na bolti nyingine zilikuwa zimekula kutu. Alaimenti tulipiga mara mbili, elfu arobaini kila moja, kwa sababu springi mpya zinaendelea kukaa chini kidogo baada ya kufungwa. Jumla 1,570,000. Kwa kuendesha tu, hii ndiyo kazi bora ya zote mbili, nakiri. Gari limeshika barabara, kona linakata bila kuyumba, na si gumu kama lilipokuwa na springi za grainda.

Lakini bili haijakoma. Lipu, ule ukingo wa chini wa bampa la mbele, imepasuka kwenye rampu ya maegesho, faiba na rangi 80,000. Bomba la moshi limegonga tuta, kuchomelea 30,000. Tairi mbili za nyuma zimeliwa upande wa ndani, 360,000, kwa sababu gari likishuka tairi zinaegemea ndani kwa juu, na alaimenti inapunguza tatizo, haiondoi lote. Jumla sasa 2,040,000. Na bado mdogo wangu hawezi kufika kwangu Goba mvua ikinyesha. Anaegesha kwenye lami, nakwenda kumchukua na IST.

Msomaji mwenye Prado asichukue bei za IST. Mjomba wangu ana ile ya toleo la 120, na yeye alitaka inchi mbili kwa springi na shokapu za chapa ya Old Man Emu, aliambiwa milioni nne na nusu. Hapo unanunua uwezo wa kubeba mzigo pia, si urefu peke yake. Ukizidisha inchi mbili kwenye miguu ya mbele ya Prado, mikono ya juu ya asili inafika mwisho na inabidi ununue mingine. Bei inaruka tena.

Jambo moja la karatasi. Kama una bima kubwa, mwambie wakala kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, na utunze nakala. Mimi nilituma picha na risiti, haikunigharimu chochote.

Nyota zangu: spesa za IST nne kati ya tano, nyota moja inabaki kwa ule upepo wa darajani. Springi fupi za Altezza nne kwa uendeshaji, mbili kwa mfuko. Springi za grainda sifuri.

Mdogo wangu sasa anataka kuiuza Altezza. Mnunuzi wa kwanza aliinama, akachungulia chini ya bampa, akauliza kama springi za asili zipo, kwa sababu yeye anakaa Chanika. Hazipo, zilikatwa kabla hatujalinunua. Jozi mbili za mtumba pale Ilala tumeambiwa 160,000, na tumekubaliana kuzinunua tuziweke stoo, ziende na gari.