Treni ya Dar hadi Moshi wakati wa Krismasi: uzoefu wangu, na daraja nililojutia

Desemba ikikaribia, sisi Wachaga tuliopo Dar tunaujua utani unaotungoja kila kona: "Mnaenda kuhesabiwa lini?", yaani kurudi kwetu Kilimanjaro kwa Krismasi. Kujibu ni rahisi, kazi ni kufika. Mwaka mmoja nilifika stendi nikakuta kiti changu kina mtu mwenye tiketi ya namba ileile. Nilisafiri hadi Moshi nimekalia ndoo ya rangi katikati ya basi. Kwa hiyo Mama aliponiambia, "Mwanangu, mimi basi siliwezi tena kwa magoti haya, si treni imerudi?", sikubisha.

Treni yenyewe kwa Mama si kitu kipya. Miaka ya sabini alisoma sekondari Tanga, na kila muhula alipanda Moshi na sanduku lake la bati. Baadaye abiria wakaondolewa kwenye njia hiyo, reli ikameza majani kwa zaidi ya miaka ishirini, watoto wa Same na Korogwe wakakua wakidhani yale mataruma ni ya kukaushia nguo. Desemba 2019 treni ya abiria ilifika tena Moshi, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Kurudi kwake Desemba, kwa mtu wa Kilimanjaro, ilikuwa kama aliyepanga ratiba ana mke wa Kichaga.

Tulitoka Dar jioni. Mama nilimkatia daraja la pili kulala, chumba cha vitanda sita, wanawake watupu. Mimi nikajifanya kijana, nikachukua daraja la tatu kwa sababu nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya basi. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu. Kiti cha daraja la tatu kwa mwendo wa mchana mmoja hakina shida, ila usiku kucha ni habari nyingine, hasa kama umesahau sweta kwenye begi ulilolipandisha chumbani kwa Mama. Nilikesha nimejikunja kama kamba ya mkonge. Ukiwa na mtoto au mzee, lipa kulala. Ukiwa peke yako na mgongo bado mzima, kaa daraja la pili kukaa.

Haraka usiitegemee. Basi la alfajiri linakufikisha Moshi mchana huohuo. Treni inakula usiku wote na asubuhi kidogo. Aliyezoea ile ya umeme ya Dodoma, iliyoanza 2024, akipanda hii ataona anasukumwa na punda. Hii ni reli yenye upana wa mita moja, ya enzi za Mjerumani, na kichwa ni cha dizeli. Lakini unanyoosha miguu, unakwenda behewa la mgahawa kunywa chai, unarudi, unakuta watu wameshakuwa ndugu. Mizigo ndiyo usiseme. Jirani yangu alikuwa na magunia mawili ya mchele, godoro, na jogoo aliyewika kila tuliposimama.

Jirani huyo alikuwa mzee wa Same, Mpare, na aliponijua kwetu ni wapi utani ukaanza. Tulipofika Korogwe usiku, akawa anaitazama stesheni kwa namna ya mtu anayeitazama nyumba aliyozaliwa. Alianza kunihadithia, na kwa kuwa usingizi ulikuwa umenigomea, nikasikiliza.

Wajerumani walianza kuijenga reli hii kutoka Tanga mwaka 1893. Mwaka huohuo miche ya mkonge ililetwa nchini kutoka Amerika, na kati ya miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai. Reli na mkonge vikakua kama mapacha, ingawa pacha wa chuma alikuwa goigoi: Muheza walifika 1896, kampuni ikafilisika, serikali ya kikoloni ikaichukua, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. "Ninyi Wachaga mlisubiri sana," mzee akacheka, "ndiyo maana hadi leo mna haraka." Waingereza ndio walioimalizia hadi Arusha, 1929.

Kilichonikamata zaidi ni habari ya vita. Novemba 1914 Waingereza walipoleta meli zao Tanga, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na askari wake wengi upande wa Kilimanjaro. Akawapakia kwenye treni hii hii, wakateremka hadi pwani, na jeshi kubwa kuliko lao likarudishwa baharini. Baadaye Waingereza nao wakajenga tawi lao kutoka Voi, Kenya, kwenye reli ya Mombasa, hadi Kahe karibu na Moshi. Matokeo yake, kwa miaka mingi mtu wa Moshi aliweza kwenda Mombasa kwa treni, lakini Dar hawezi. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kinachoiunganisha reli hii na ya Dar, tulichokipita gizani bila kukiona, kilifunguliwa 1963, nchi ikiwa imeshapata uhuru. Nilikuwa nadhani reli hii siku zote ilikuwa ya kwetu na Dar. Kumbe ilikuwa ya mkonge na kahawa kwenda bandarini, sisi tumedandia baadaye.

Mizigo bado ndiyo inayoipa reli hii uzito. Treni ya mizigo ilirudi 2019 kabla ya ile ya abiria, na ukitaka kujua faida yake muulize anayejenga Moshi akinunua saruji iliyotoka Tanga.

Alfajiri nilimfuata Mama chumbani kwake. Alikuwa ameshajifunga kanga, amekaa dirishani upande wa kulia, milima ya Upare ikifunguka mmoja mmoja. Hakunisalimia hata. Alikuwa anataja stesheni kabla hatujafika: Makanya, Same, Lembeni. Kahe akanionyesha kwa kidole njia ya kwenda Taveta. Kisha mlima ukatokea, mweupe juu, na chumba kizima cha akina mama kikapiga vigelegele, hata yule wa Singida aliyekuja kumtembelea mkwewe.

Ulizia ratiba stesheni kabla hujapanga safari, maana treni haiendi kila siku na mvua kubwa huiharibu njia. Tiketi za Desemba zikate mapema. Beba maji, sweta, na chaji ya ziada ya simu.

Kurudi nilipanda basi, kazi ilikuwa inaningoja. Mama alibaki hadi Januari, akaniagiza nimkatie treni, kitanda cha chini, dirisha la kushoto. Kwa nini kushoto? "Ukirudi, milima inahamia huko."